Kopo la Oili na Mkopo wa Motokaa



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo lililoleta kelele nyingi saa ya chai katika karakana yetu kwa muda wa miezi miwili sasa. Swali ni hili: mtu mwenye motokaa ya nguvu, kama zile Subaru za tabo, na Golf GTI, na Mark X ambazo vijana wetu wazipenda kuliko chakula, je, yafaa anunue kopo la kunasia oili na kulifunga kando ya injini? Wengine wasema bila kopo injini itakufa upesi. Wengine wasema ni pambo tu, la kuonyesha watu boneti ikifunguliwa.

Mimi ni fundi wa dizeli wa reli. Nimeshika spana miaka 14, na shule yangu ni ile ya misheni mpaka darasa la nane, kwa hivyo msitazamie maneno ya chuo kikuu. Lakini katika jambo hili nina haki ya kusema, kwa sababu kila mwisho wa mwezi mshahara wangu wakatwa Sh. 3,800 kwa ajili ya motokaa iliyokuwa na kopo kama hilo, na motokaa yenyewe si yangu.

Habari hiyo nitaifikia. Kwanza tuelewane kopo ni nini, maana wengi wabishana juu ya kitu wasichokijua.

Ndani ya silinda petroli na hewa huwaka na kuisukuma pistoni chini. Pistoni ina ringi za kuziba, lakini hakuna ringi inayoziba kabisa, hata ikiwa mpya. Kila moto uwakapo, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka katika tumbo la injini, pale krenki inapozunguka na oili inapolala. Moshi huu una petroli isiyoungua, una mvuke wa maji, una asidi, na ukifika kule chini hukutana na oili inayorushwa huku na huku, ukaibeba kama ukungu. Sharti utoke. Ukikosa njia, tumbo hujaa shinikizo, na zitakazoachia kwanza ni sili na gaskiti. Hapo ndipo mtu aona oili sakafuni akalaumu fundi aliyefunga gaskiti mwezi uliopita.

Zamani motokaa zilikuwa na paipu tu, iliyotoka tumboni ikaelekea chini barabarani, na uchafu wote ukamwagwa hewani. Kule California watu walikuwa wakiwashwa macho na ukungu mchafu, na katika miaka ya 1950 mtaalamu Arie Haagen-Smit akaonyesha kwamba mivuke ya petroli na moshi wa magari ikipigwa na jua ndiyo inayoufanya. Kwa hivyo tangu magari ya mwaka wa 1961 katika California, na ya 1963 katika Marekani nzima, watengenezaji wakaanza kuweka ile valvu iitwayo PCV. Kazi yake ni kuuchukua moshi wa tumboni na kuurudisha katika njia ya hewa ili injini iule moshi wake yenyewe. Ni jambo jema sana kwetu sote tupumuao. Lakini moshi ukirudi, ule ukungu wa oili hurudi nao, ukapaka bomba la hewa na manifoldi na mgongo wa valvu. Kopo huwekwa katikati ya mpira huo. Ukungu huingia, hugonga kuta za chuma zisizo na joto kama injini, matone hujikusanya na kuanguka chini, na hewa iliyopungua oili huendelea na safari. Hakuna uchawi mwingine ndani yake.

Swali basi ni kama oili hiyo ina madhara ya kutosha hata mtu akaifanyia gharama. Hapa sharti tutenganishe motokaa za namna mbili, na mabishano yetu yote ya saa ya chai yatoka katika kutozitenganisha.

Namna ya kwanza ni injini ambazo injekta yake iko nje ya silinda, katika njia ya hewa, na yanyunyiza petroli juu ya mgongo wa valvu. Subaru nyingi za tabo zilizoko mikononi mwa watu kama sisi, zile za injini ya EJ, ni za namna hii. Petroli ina dawa ya kusafisha ndani yake, na kila inyunyizwapo huosha valvu. Oili kidogo ikija, yaoshwa. Mtu anayeendesha injini kama hiyo kwenda kazini na kurudi, na Jumapili kanisani, akinunua kopo ananunua kazi ambayo petroli yake yaifanya tayari.

Namna ya pili ni injini zinazonyunyiza petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Hapa petroli haigusi mgongo wa valvu hata mara moja. Oili ikija yakaa pale, yaokwa na joto la valvu, na mwaka baada ya mwaka yageuka kuwa masizi magumu kama yale ya chini ya sufuria ya kuni. Hewa haipiti vizuri, injini yatetemeka asubuhi, nguvu yapungua. Mark X ya lita 2.5 yenye injini ya 4GR-FSE ni mfano ulio mbele ya macho yetu kila siku. Ndugu yake ya lita 3.5, ile 2GR-FSE, Toyota waliipa injekta za namna mbili, moja ndani na moja nje, nayo haisumbuliwi hivyo. Magari ya Volkswagen ya tabo ya miaka ya nyuma kidogo yana taabu hiyo hiyo, na gereji zenye mashini huyasafisha kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa mpaka valvu ing’ae. Tena kwa kuwa sheria ya Kenya haikubali kuingizwa kwa motokaa iliyozidi miaka 8, kila mwaka zinazoshushwa Mombasa ni za kisasa zaidi, na hizi za kunyunyiza ndani zazidi kuwa nyingi. Kwa hivyo wazee wa karakana yetu wanaocheka kila kopo, nao hawasemi kweli yote. Wao walijifunza magari ya karibureta.

Lakini hata kwa namna hii ya pili, kopo halizuii yote. Masizi ya valvu hayatoki katika PCV peke yake. Oili hushuka pia kando ya shina la valvu ikiwa sili zake zimechoka, na moshi wa silinda wenyewe hurudi nyuma kidogo valvu zinapopishana. Kopo halizioni hizo. Litapunguza, halitakomesha, na mtu akikuambia ukilifunga hutaona masizi tena, huyo anataka pesa zako.

Kuna na sababu nyingine ambayo wenye tabo huitaja, na hiyo nakubali ina uzito. Tabo, kwa wasioijua, ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa nyingi. Hewa ikiwa nyingi na petroli huwa nyingi, moto huwa mkali, na moshi unaopenya kwenda tumboni huongezeka. Oili ikiingia katika silinda pamoja na petroli, mchanganyiko huo huwaka kabla ya wakati wake kwa urahisi zaidi, na injini hugonga. Katika injini ndogo za tabo za siku hizi kuna kugonga kwa namna mbaya kunakotokea mtu akikanyaga mafuta wakati injini ingali inazunguka polepole. Tone la oili ni mmoja wa wakosaji. Lakini dawa yake ya kwanza imo ndani ya oili yenyewe: watengenezaji walibadili dawa zilizomo, na tangu 2018 kuna oili ya daraja la SN PLUS, na tangu 2020 daraja la SP, zilizopimwa kwa taabu hiyo hasa. Mtu atafute herufi hizo juu ya chupa, anunue mahali anapopaamini kwa kuwa oili ya bandia ipo, na aibadilishe kwa wakati. Nimeona motokaa yenye kopo la bei kubwa, na oili yake nyeusi kama lami. Nilimwuliza mwenyewe ameibadilisha lini, akaniambia hiyo ataifanya mwisho wa mwezi.

Vijana hunijibu hivi: “Lakini magari ya Safari Rally yana makopo!” Ni kweli, gari la mashindano hulihitaji, lakini ulizeni kwa nini. Kanuni za FIA zataka gari la mashindano ambalo tumbo lake lapumua nje liwe na chombo cha kupokea oili, kisichopungua lita 2 kwa injini isiyozidi ujazo wa sentimita 2000, na lita 3 kwa iliyo kubwa zaidi, tena kiwe cha plastiki ionyeshayo ndani au kiwe na dirisha. Sababu kubwa ni kuzuia oili isimwagike njiani yule ajaye nyuma akateleza akafa. Kopo lilianza kwa ajili ya usalama wa mtu mwingine. Tena gari likizungushwa kwa nguvu katika kona, na hasa hizi Subaru ambazo silinda zake zimelala ubavu, oili husukumwa upande mmoja na kupanda katika paipu za kupumulia. Mtu anayekimbiza gari katika mashindano ana haki ya kuwa na kopo, tena kubwa. Mtu anayekwenda kutoka Umoja mpaka mjini na kukaa katika msongamano saa nzima hana kona ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye mshahara wangu.

Mwenzetu mmoja, fundi wa umeme, kijana mzuri na mchapa kazi, alichukua mkopo katika chama cha akiba akanunua Impreza WRX iliyotumika. Wadhamini tulikuwa watatu. Mimi nilitia sahihi bila swali lo lote kwa sababu alinisaidia sana mwaka ule mama yangu alipolazwa. Gari lilikuwa zuri kweli kweli. Asubuhi lilitoa moshi wa buluu kidogo, tukasema ni uzee. Akaenda katika duka moja la vifaa vya magari ya mbio, jina silitaji, akaambiwa moshi huo ni oili inayonyonywa kwa njia ya PCV, na dawa yake ni kopo. Akalipa zaidi ya nusu ya mshahara wake, akapewa kopo la alumini jekundu na mipira yake.

Wiki moja baadaye alilifungua mbele yetu pale nje ya karakana, akamwaga yaliyomo katika chupa ya soda. Ilifika karibu nusu ya chupa. Watu wakashangilia. Yeye akasema, “Tazameni uchafu huu! Wote ungekuwa umeingia ndani ya injini.” Nami nilishangilia pamoja nao. Jambo hili ndilo linaloniuma mpaka leo, ndugu zangu. Mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama matumbo ya injini, nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi, nikaona nusu ya chupa katika wiki moja, nisiseme neno.

Kwa maana sisi wa reli twajua. Injini kubwa ya dizeli ya reli ina kifaa kinachopima shinikizo la tumboni. Ikiwa nzima, tumbo hunyonya kidogo, halisukumi. Katika injini za EMD za Marekani moshi wa tumboni hupita katika kichujio cha waya, oili ikarudi yenyewe chini mahali pake, na moshi ukavutwa na kutupwa nje pamoja na ekzosi. Hakuna mtu amwagaye kopo. Na tumbo likianza kusukuma badala ya kunyonya, kifaa kile huzima injini pale pale ilipo, hata kama ina behewa 20 nyuma yake na dereva yuko mlimani. Hakuna ashangiliaye. Huitwa fundi, na fundi hauulizi moshi utawekwa wapi, huuliza umetoka wapi: ringi imekufa, pistoni imepasuka, au nini. Na katika reli ni marufuku kuiwasha tena upesi na kufungua tumbo lingali moto, kwa sababu mvuke wa oili ulioshika joto ukipata hewa waweza kulipuka na kuua mtu. Hilo twafundishwa katika siku za kwanza za kazi.

Basi nilijua, lakini motokaa haikuwa injini ya reli, na ilikuwa saa ya chai.

Kijana yule aliendelea miezi mitatu. Kila Jumamosi alimwaga kopo. Tena kwa kuwa oili ni ghali, alikuwa akiichuja kwa kitambaa na kuirudisha ndani ya injini. Hili naomba lisifanywe na mtu ye yote. Ndani ya kopo la injini ya petroli mna petroli mbichi na maji na asidi. Kitambaa hakitoi hata kimoja. Kuirudisha ni kuchukua uchafu ambao injini ilikuwa imeutapika na kuinywesha tena.

Mwezi wa nne, akipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Naivasha na abiria wanne, injini iligonga, ikakosa nguvu, ikajaza barabara moshi. Tulipopima kompresheni, silinda tatu zilikaribiana, na ya nne ilikuwa chini ya nusu ya wenzake. Tulipofungua tulikuta pistoni imevunjika ule ukingo unaoshika ringi, na kipande kimechora ukuta wa silinda kutoka juu mpaka chini. Mikwaruzo mingine ilikuwa ya zamani. Ule ukingo ulikuwa umeanza kufa kabla ya kopo kununuliwa, na moshi wa buluu wa asubuhi ulikuwa ni huo.

Sisemi kopo lilivunja pistoni. Kopo halikuvunja kitu, wala halikuwa baya. Lilifanya kazi yake barabara: lilinasa oili. Kila Jumamosi lilimwonyesha kwamba silinda moja haizibi tena, naye akafurahi. Kama pesa zile za kopo zingetumiwa kupima kompresheni siku ya kwanza, kazi ya nusu saa tu katika gereji ya jua kali yenye geji, injini ingefunguliwa kabla ukuta haujachorwa. Sasa block imeharibika, na injini nyingine hana pesa za kuinunua. Gari limesimama kwao limefunikwa turubai. Mkopo haukusimama. Alishindwa kulipa miezi miwili, chama cha akiba kikageukia wadhamini, kama karatasi tuliyotia sahihi isemavyo. Sikilalamikii chama hicho, pesa ni za wanachama. Lakini mke wangu ameniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake.

Kwa ajili hiyo nataka nieleze namna ambavyo mimi ningefanya, na mwenye akili zaidi anisahihishe katika toleo lijalo.

Kabla ya kopo, ipimwe kompresheni. Kisha itazamwe valvu ya PCV yenyewe. Ni kitu kidogo, cha bei ndogo, na ikiziba au ikikwama wazi yaleta dalili zote ambazo watu hununulia kopo: oili katika bomba la hewa, sili zinazovuja, injini kutetemeka ikiwa imesimama. Mipira yake nayo hukauka ikapasuka kwa joto. Nimebadilisha valvu na mpira wa motokaa ya jirani yangu, na oili katika bomba ikapungua mpaka mwenyewe akasahau neno la kopo. Tena magari mengi ya siku hizi yana kitenga oili chake ndani ya kifuniko cha juu cha injini, kilichowekwa kiwandani. Kikiharibika, kibadilishwe hicho.

Kama hayo yote ni mazima, na motokaa ni ya namna ile ya kunyunyiza ndani, na mwenyewe ataka kukaa nayo miaka mingi au huikimbiza kwa nguvu, basi nasema kopo lafaa. Lakini si lo lote. Mengi yauzwayo ni makopo matupu yenye matundu mawili. Ukungu huingia tundu moja ukatokea la pili bila kuacha kitu. Ndani sharti mwe na vizuizi, au sufu ya chuma iliyoshikwa vizuri isikatike ikanyonywa na injini. Ukitaka kujua kama lafanya kazi, usitazame kilichomo ndani yake. Tazama mpira utokao: baada ya mwezi, ukiwa ungali umelowa oili kama wa kuingilia, umenunua pambo. Mipira isiwe myembamba kuliko ya kiwandani wala isikunjwe, kwa sababu njia ikibanwa tumbo husukuma, na hapo umejinunulia ugonjwa ambao hukuwa nao.

Katika injini ya tabo njia za moshi ni mbili. Injini ikienda polepole manifoldi hunyonya, na moshi hupita katika valvu ya PCV. Tabo ikianza kusukuma, valvu hiyo hujifunga na moshi hutokea njia ya pili, mpaka kwenye bomba la hewa mbele ya tabo. Kopo lililofungwa njia moja halijui habari ya nyingine. Wengi niliowaona wamefunga ile ya polepole tu, nao ndio wanaosema gari ni la kukimbizwa.

Wale wanaoachia kopo lipumue nje, kwa kichujio kidogo juu yake, na kuziba njia ya PCV, hao wamerudi katika mambo ya kabla ya 1961. Tumbo halivutwi tena, maji na petroli hukaa ndani ya oili, na harufu huingia kwa abiria. Kwa gari la mashindano linalobadilishiwa oili kila mara, sawa. Kwa gari la kupeleka watoto shule, hapana.

Na asiyekuwa na nia ya kulimwaga asilifunge kabisa. Kopo likijaa, hurudisha yote kwa mkupuo mmoja, na injini haipendi kumeza oili kwa kikombe. Mjue pia kwamba wingi wa kilichomo hudanganya. Mwezi wa 7 kule Limuru, kwa safari fupi za asubuhi, kopo hujaa kitu kama uji wa maziwa. Kingi cha hicho ni maji, ambayo yangepita katika injini yakatoka kwa ekzosi bila kumdhuru mtu. Kule Kanada maji hayo huganda yakaziba njia. Sisi Mungu ametuepusha na hilo. Na kilichomwagwa kisitupwe mtaroni. Maji ya mtaro wa karakana yetu yaenda mtoni, na mtoni kuna watu wafuao nguo.

Kijana yule bado ni rafiki yangu. Amebakiza miezi 11 ya deni, na kila mwisho wa mwezi hunipa kiasi awezacho, mara nyingine Sh. 1,000, mara nyingine hana. Kopo jekundu ameniletea niliuze nipunguze hasara. Liko juu ya kabati langu la vyombo, limeoshwa, na mpaka sasa wawili wamekuja kuuliza bei. Nimewaambia waje kwanza na motokaa zao Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi, geji ya kompresheni ninayo.

Mimi,
Fundi wa Dizeli